Funguo Mkononi, Injini Inanguruma

Ipo siku moja, mwanangu, nikiifikiria mpaka leo vinyweleo vinanisimama. Siku hiyo niliona gari limezimwa, funguo zimetolewa, dereva amezishika mkononi tunaziona wote, na gari bado linanguruma. Tena linanguruma kuliko lilipokuwa na funguo.

Tulia nikueleze. Shule niliishia kwenye kusoma na kuandika tu, na haya ya injini nimeyajua kwa kukaa nayo uani. Usiponielewa mahali, rudi juu usome tena. Usinipigie simu.

Baba yangu alikuwa anafundisha maksai. Watu wa huku kwetu Iramba walimletea madume yao yakiwa bado makorofi, akawarudishia yanavuta jembe. Mwenyewe alikuwa na maksai wake, na kwa hao tulilima, tulikula, na mimi nikaolewa. Sasa kaka yangu Gunda hakupenda kutembea nyuma ya mkia wa ng'ombe. Alitaka gari. Alimsumbua Baba kila msimu, mpaka Baba akawapeleka mnadani maksai wote, ikarudi pikapu. Ukinisikia nasema wote, ujue ni wote. Zizi lilibaki na samadi kavu na kamba.

Ilikuwa pikapu kubwa ya dizeli, ya kubebea mizigo ya maana. Baba aliizunguka kama alivyozoea kuzunguka dume jipya. Akainama mbele yake, boneti ikiwa wazi.

"Moto wake unawashwa na nini?"

Gunda akacheka. "Dizeli haiwashwi, Baba. Inavuta hewa, inaibana, inaibana mpaka hewa yenyewe inakuwa moto. Mafuta yakiingia hapo yanawaka yenyewe."

"Hewa tu?"

"Hewa tu, Baba."

Baba akainama tena kuchungulia mle ndani. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na mtoto mgongoni, nimekuja kusaidia mavuno, nikashindwa hata kuondoka. Hewa hii hii inayopeperusha pumba uani, ikibanwa inapandisha magunia mlimani! Mwanangu, nimezeeka, nimeona simu, nimeona umeme umefika jikoni kwangu, lakini hilo la hewa kuwa moto kwa kubanwa sijamaliza kulishangaa. Nyinyi mnalikalia kila siku na wala hamshangai. Hapo ndipo ubaya unapoanzia, lakini nisitangulie.

"Na inavutia wapi hiyo hewa?" Baba akauliza.

Gunda akalipigapiga bomba jeusi lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. "Pua yake hii. Hata nikiingia mtoni halizami." Kofia ya bomba ilikuwa imeng'olewa na miiba zamani, tundu lilikuwa wazi linatazama juu.

Basi, Gunda akawa mtu wa kushuka Sekenke kufuata mpunga na kupanda nao. Mlima ule wakati huo ulikuwa wa vumbi na mawe, na gari linaupanda limejaa, linalia njia nzima. Kwetu si mbali ukishafika juu. Anaingia uani kwa kishindo, kuku wanaruka, anakata moto papo hapo, na kabla vumbi halijakaa ameshashuka, miwani usoni. Watoto wanapiga makofi. Wake za jirani nao, haya, niyaache hayo.

Baba alimwita mara ya kwanza tu alipoona hivyo.

"Gunda, hilo si limetoka mlimani sasa hivi?"

"Ndiyo, Baba."

"Maksai akitoka mlimani na mzigo simfungi palepale. Namtembeza uani taratibu mpaka ahemee chini, pumzi imtulie. Ndipo nifunge."

"Baba bwana! Sasa na hili nilitembeze uani nikiwa nimelishika kamba?"

Tulicheka sote mpaka Mama akaacha kupepeta. Baba hakucheka.

Ukapita muda, gari likaanza kutoa moshi wa bluu asubuhi. Halafu likawa linatoa asubuhi na jioni. Gunda akawa anatembea na dumu la oili nyuma ya kiti, kila safari anaongeza. "Linakunywa hili!" anasema, utadhani anamsifia mtu mwenye afya. Baba akamuuliza oili hiyo inakwenda wapi.

"Inaungua, Baba."

"Kwani kazi yake ni kuungua?"

"Hapana, ni kulainisha."

"Sasa mbona inaungua?"

Gunda akaingia garini akafunga mlango.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, nami nimekuja tena kwa Baba, mawingu ya kwanza yameanza kukusanyika, watu wanatafuta maksai wa kulimia na sisi hatuna. Gunda akaingia uani vilevile kwa kishindo. Akakata moto. Akashuka na funguo anazizungusha kidoleni.

Gari halikuzima.

Kwanza lilitetemeka, kama linajiuliza. Halafu sauti ikapanda. Ikapanda tena. Mwanangu, sijui nikupe mfano gani. Bati la jiko likawa linatikisika. Moshi ukatoka nyuma mzito, mweupe, ukafunika nyumba, jua likapotea. Hakuna mguu uliokanyaga mafuta, hakuna funguo, na lile dude linajiendesha ndani kwa ndani, linazidi tu. Nilimbeba mtoto nikakimbilia migombani.

Gunda alirudi ndani, akatia gia, akakanyaga breki ili lijifie. Klachi ikaungua, hamna kitu. Akaruka nje, akafungua boneti, akaingiza kichwa na mikono humo anashika hiki, anavuta kile.

"Toka hapo!" Baba alipiga kelele. "Litapasuka, Gunda!"

"Ni maksai wako, Baba!" Alikuwa analia. "Maksai wako wote hawa!"

"Maksai nimekuwa nao wengi. Wewe ni mmoja. Toka!"

Gunda hakutoka. Aliganda pale. Basi nilimwona Baba akiingia kwenye moshi, mzee mwenye mguu mbovu, anachechemea. Akafika ubavuni. Akavua katambuga lake, lile la tairi, soli nene kama kiganja. Akalibandika juu ya tundu la bomba na kulikandamiza kwa mikono yote miwili.

Gari likakohoa. Likajipinda lote. Likakohoa tena, likatulia.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Katambuga lilibaki limenyonywa pale juu ya bomba, Baba ameondoa mikono na lenyewe halianguki. Tulilitazama wote. Hakuna aliyethubutu kuligusa.

"Ulijuaje?" Gunda alimuuliza baadaye, ameketi chini.

"Si ulinionyesha mwenyewe pua yake?"

Fundi alipokuja kutoka Singida mjini alitueleza. Mle ndani kuna kifeni kidogo kinachoisukumia injini hewa, wao wanakiita tabo. Kinazunguka kwa kasi isiyosemeka na kinapata moto mkali, na oili ndiyo inayokipoza. Ukizima ghafla baada ya mlima, oili inasimama, kifeni bado cha moto, na ile iliyobaki inaungulia humo humo. Ukifanya hivyo kila siku kinalegea, oili inavujia kwenye njia ya hewa. Na dizeli haichagui. Oili ikiingia, inaungua kama mafuta, injini inajilisha damu yake yenyewe. Funguo zinafunga mafuta tu.

Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono. Gunda alilima kuliko sote, miwani sikuiona tena. Baba hakumgombeza hata neno. Alichosema ni kimoja, jioni, anavaa katambuga lake: "Lilikuwa linakuambia kwa moshi, wewe ukawa unalinywesha ili linyamaze."

Gari lilipotengenezwa, Gunda akaanza desturi. Anaingia uani polepole, analiacha linanguruma taratibu, anamfuata Baba alipo. Shikamoo, marahaba, za huko, za mlimani, mvua je, wenzako je. Unazijua salamu za kwetu, haziishi. Anakunywa maji. Ndipo anarudi kulizima. Pikapu ile ilitupandishia mpunga mpaka Baba tukamzika, na ndiyo iliyombeba.

Nimeandika haya kwa sababu wiki iliyopita mjukuu wangu Yona alikuja kutoka Nduguti na pikapu mpya ya kazi. Akakata moto, akaruka. Kabla hajazima nilikuwa nimeona kitaa cha njano kinawaka mle ndani, nyuma ya usukani. Nikamuuliza.

"Aa, hicho kinawaka siku zote, Bibi. Magari ya sasa yana kompyuta, gari linajisema lenyewe."

"Na likisema, nani anasikia?"

Akajikuna kichwa. Sikumwitikia shikamoo yake mpaka aliporudi kuliwasha, akaliacha lihemee, akaja upya.

Basi nawaambia na nyinyi, wanangu mnaoshika usukani. Kitu cha ajabu kama hicho usikizoee. Moshi ukibadilika, uliza. Kikinywa oili, usikinyweshe tu, tafuta inakokwenda. Taa ikiwaka, lipeleke kwa fundi. Chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe, vumbi la kwetu unalijua. Na ukitoka mlimani na mzigo, liache lipumue. Hata injini ikishindikana, chuma kinanunuliwa. Wewe ondoka hapo.

Mungu awapandishe salama na awashushe salama. Mkifika kwangu ingieni polepole, liacheni lingurume, njooni mnisalimie. Nitawaitikia yote, kwa kirefu, na maji yapo. Tukimaliza, rudini mkalizime.