Mpira wa Baiskeli Kwenye Paja la Shemeji

Ndugu zangu, mwenye kosa ni mimi. Simsingizii mtu, wala nyoka!

Enzi zile za ujamaa nilihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza Mugumu, siku mbili tu. Nikarudi kijijini najiona daktari. Jamani!

Asubuhi moja tukiwa shamba la kijiji, shemeji yangu Chacha, mume wa dada yangu Bhoke, akapiga yowe: "Nyoka! Kaniuma!" Nikamfunga paja kwa mpira wa baiskeli, nikaukaza mpaka mguu ukabadilika rangi. Wenzetu wakamkatakata nyoka kwa majembe.

Mara dereva wa trekta la kijiji akaja mbio. "Nani kaona mkanda wa injini? Umedondoka huku!"

Tukavitazama vile vipande. Mkanda wenyewe! Na mguuni mwa Chacha tukachomoa mwiba.

"Basi nifungue, shemeji," akasema.

Hapo ndipo nilipokosa. Watu walikuwa wanacheka, ningeuweka wapi uso wangu? Nikasema, "Huenda nyoka walikuwa wawili. Mpira haufunguliwi mpaka zahanati!"

Trekta bila mkanda haliendi. Tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukafika jioni. Mguu ulikuwa wa baridi kama chuma. Nesi akashtuka. "Umefungwa tangu asubuhi? Mtu asiuguse! Nitaufungua mwenyewe, dripu ikiwa tayari."

Akaingia ndani kuiandaa. Chacha akalia, "Shemeji, nakufa." Nami, mtaalamu, nikachomoa kisu nikaukata mpira.

"Aah, asante," akasema Chacha. Kisha macho yakageuka, akaanguka. Moyo kimya!

Nesi alimkandamiza kifua mpaka jasho likamtiririka. Chacha alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa: "Mkanda umepatikana?"

Sikucheka. Nesi alikuwa ananitazama. "Nyama ikikosa hewa muda mrefu, inajaa sumu," akasema. "Damu ikirudi kwa ghafla inaiumiza zaidi, na ile sumu inakimbilia moyoni. Ulitaka kumuua mtu kwa sababu ya mwiba!"

Chacha yu hai, lakini anachechemea, na hapandi kilima bila kushika kifua. Yeye alinisamehe. Bhoke hajanikaribisha ugali tangu siku ile. Dada yangu wa tumbo moja!

Wewe unayesoma, ukigundua umekosea, sema palepale, hata kama shamba zima linakucheka. Kicheko kile kingekwisha kabla ya saa sita mchana.