Komwe ya Sitini na Nne

Mcha Borafya, fundi cherehani wa Kikwajuni, hakuwa mtu wa kutulia hata siku za raha, sembuse mwaka ule wa 1958, watu walipoanza kuulizana chama kabla ya kuulizana hali.

Miaka kumi na moja, kila baada ya alasiri, alicheza bao na Muhiddin muuza chumvi kwenye baraza ya jirani. Watazamaji hawakosekani, na pale pale ndipo mtaa ulipojua nani kaposa na nani anaumwa. Siku moja neno la siasa likazaa neno, wakatukanana. Mcha akajitwika bao, maana alilichonga yeye. Muhiddin akazoa komwe, zile mbegu sitini na nne za kuchezea, maana aliziokota yeye, pwani ya Mkokotoni. Kila mmoja akaenda zake akijiona kamkomoa mwenziwe. Wallahi, watu wazima na ndevu zao!

Kufika nyumbani, Mcha akaona komwe moja imenasa kwenye shimo la bao. Akaitia mfukoni. Hakuirudisha, ng'o.

Basi raha ikamhama. Mchana kutwa anaifikicha ile komwe mfukoni. Akashona kanzu ya watu mkono nyuma mbele. Akaokota kokoto acheze peke yake, akajikuta anajiibia. Mkewe, Bi Tabia, akamwambia amekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, ama akae ama atoke. Akatoka. Akarudi. Akatoka tena.

Mwezi wa nne tangu ugomvi ndipo aliposikia kuwa Mzee Msabah, mtazamaji wao wa kila siku, kalala kitandani anaumwa siku tisa peke yake, wala jirani hakujua. Nani angejua? Barazani hapakuwa na mtu wa kuuliza mbona leo hakuja. Mcha ilimchoma, akaona haya mpaka chakula kikamshinda.

Kesho yake, mchana kweupe, akajitwika bao, akapita mbele ya watu wa chama chake. Wakamwangalia, salamu hawakumpa. Hofu ya kukosa wateja ikamshika, lakini alikwenda mpaka kwa Muhiddin, akalitua mlangoni.

Muhiddin akaingia ndani. Akaleta mfuko wa komwe, akazimwaga, akazihesabu taratibu.

"Sitini na tatu," akasema. "Kila siku nnazihesabu, kila siku sitini na tatu. Nlitaka kukuletea tangu wiki ile ile. Lakini nlijua nimepoteza moja, nkaona haya."

Mcha alitamani ardhi ipasuke. Miezi minne! Angeweza kuiangusha chini ya mkeka, ajifanye kaiokota. Hakufanya hivyo. Akaitoa mfukoni, ina moto wa mwili wake, akaiweka mbele ya mwenziwe.

Muhiddin akaitazama, akamtazama na yeye. Hakucheka. Akazirudisha komwe zote mfukoni, akavaa viatu.

"Beba bao lako," akasema. "Twende kwa Mzee Msabah."