Koki ya Juu ya Kibanja cha Mama

Kwetu Songambele maji ya mvua hayaachwi yapite bure. Yakishuka barabarani, kila mwenye kibanja ana mtaro wa kuyavuta yaingie kwenye migomba yake, na ukizubaa, jirani anauziba mtaro wako kwa jembe moja la udongo kisha anakusalimia kanisani kama kawaida. Nimekulia kwenye ugomvi huo. Mama yangu ni mjane, Mlutheri wa kiti cha mbele, na husamehe watu wote isipokuwa aliyemwibia maji.

Kwa hiyo kampuni ya barabara ilipojenga kambi kilimani, juu ya kibanja chetu, na kuweka tangi la dizeli ya mitambo, mama hakuliona tangi. Aliuona ukuta. Tangi lilikuwa limezungushiwa ukuta mfupi wa zege, ili likivuja au likifurika, mafuta yabaki humo humo. Mvua ikinyesha, maji nayo yanajaa ndani ya ukuta, na chini yake palikuwa na bomba lenye koki la kuyatolea. Mama alichimba mtaro kutoka kwenye mdomo wa bomba hilo mpaka kwenye migomba yake. Mtunza mafuta wa wakati huo, mwanamume wa Rugu, mkulima mpaka kwenye mifupa, aliona ni dhambi kuyafungia maji mwaka ambao mvua imebana. Akaiacha koki wazi, ikakaa wazi. Kijiji kizima kilimsifu. Hakuna aliyejiuliza ukuta wenye tundu unazuia nini.

Alipoondoka, kazi yake nikapewa mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo ya mpaka, nilikokuwa msaidizi wa usalama kwenye visima vya mafuta. Kule nilijifunza jambo moja ambalo sitaki kubishana nalo na mtu yeyote: mafuta yakishatoka nje ya ukuta, umeshindwa. Utafukia, utafagia, utaomba radhi, lakini umeshindwa. Siku yangu ya kwanza kambini niliifunga koki hata kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.

Jioni mama alinisubiri mlangoni.

"Umefunga maji?"

"Nimefunga, mama."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa amri yangu. Maji yale yana mafuta. Mpira wa kujazia magari unadondosha kila siku."

"Migomba yangu umeiona imekufa?"

"Na chemchemi je? Mtaro wako unamwaga kwenye kibanja, na kibanja kinamwaga kwenye chemchemi. Unakunywa wapi wewe?"

Aliniwekea ndizi bila maharage. Nyumbani kwetu hilo ni tusi kubwa kuliko kofi, na aliendelea kunitukana hivyo kwa wiki kadhaa. Nilizila ndizi zile kavu, na nilizimaliza mbele yake.

Sikuwa mchoyo wa maji. Kila mvua ilipokatika, nilichungulia ndani ya ukuta. Maji yakiwa meupe, niliifungua koki nikiwa nimesimama pale pale, nikayaangalia mpaka yaishe, nikafunga. Yakiwa na zile rangi rangi za upinde wa mvua juu yake, hayatoki. Tunayachota kwa ndoo na kuyatia kwenye mapipa. Bosi wa kambi, mtu wa Bukoba, mwenye shati la kupigwa pasi hata siku ya tope, alisema nina bidii. Wakati huo bidii yangu ilikuwa haijamgusa.

Siku moja mchana nilitumwa Kihanga kuchukua vipuri. Nyuma yangu likaja lori la kujaza tangi, na dereva wake alikuwa mtu wa Muleba, anayesali parokia moja na bosi. Bosi akamkaribisha barazani akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa na buni zake. Mgeni akipewa akamwani haikatai, na kuinuka wakati kikapu bado kinazunguka ni kumdharau mwenyeji. Basi walikaa. Wakatafuna, wakaulizana habari za nyumbani, za harusi na za misiba, na mpira uliendelea kusukuma dizeli kwenye tangi lililokwisha kujaa.

Niliporudi, harufu ilinipokea getini. Nilikimbia. Dizeli ilikuwa imejaa ndani ya ukuta, ingenifika magotini, imetulia kimya. Nilizunguka nje nikishika udongo kwa vidole na kuunusa. Mkavu. Nikainama kwenye mdomo wa bomba. Mkavu. Nilicheka pale peke yangu, kwa sauti, na mafundi wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa na furaha, basi. Koki yangu ilikuwa imefungwa.

Bosi alinivuta pembeni. Shati lake lilikuwa limelowa jasho.

"Binti, wakubwa wakisikia haya, mimi sina kazi. Na wewe huna."

"Mimi nilikuwa Kihanga, bosi."

"Sikiliza. Mawingu hayo. Mvua ikianza, fungua koki kidogo kidogo. Itakwenda na maji, itapotea."

"Itapotelea wapi?"

"Bondeni huko."

"Bondeni huko ndiko kwetu."

"Ni dizeli tu, si sumu ya panya. Unaringa na koki kama ya baba yako!"

Hapo damu ilinichemka. Niliingia stoo, nikachukua spana, nikaufungua mpini wa koki na kuutia mfukoni. Nikarudi mbele yake na kumwekea spana ile miguuni.

"Koki inafunguka kwa spana pia. Ifungue mwenyewe, mchana huu, mafundi wakikuona."

Hakuigusa. Nilijua hataigusa. Alitaka ifunguliwe na mimi, ili siku chemchemi ikinuka niwe mimi niliyeifungua, binti wa pale pale.

Nilishuka nyumbani, na njiani nilipiga simu kwa wakubwa wake, nikataja jina langu na kazi yangu, nikaeleza yote. Walisema watakuja kesho yake na pampu. Kwa hiyo palibaki usiku mmoja na mvua moja.

Mama alikuwa jikoni. Nilimpa mpini nikamweleza. Sikujua atafanya nini. Bado tulikuwa kwenye siku za ndizi kavu. Aliugeuza mkononi, akaunusa, akakunja uso. Kisha akatoka nao, akaufukia chini ya nyasi zinazofunika udongo wa kibanja, mahali ambapo hata mimi sikupaona. Akachukua jembe. Nilidhani anakwenda kulima. Alipanda mpaka juu, kwenye uzio wa kambi, akauziba mtaro wake. Mama yangu, ambaye hajawahi kuziba mtaro isipokuwa wa jirani, aliufukia wake na kuukanyaga kwa miguu mpaka ukawa sawa na ardhi. Nilitaka kulia, nikaona haya, nikashika jembe la pili.

Bosi alifika mvua ikiwa imeanza kudondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

"Sikai, mama. Binti yako ana kifaa cha ofisi. Apande nacho sasa hivi, kabla mvua haijakatika."

"Utasema ukiwa umeketi. Karibu akamwani."

Akamwekea kikapu mbele yake. Mtu wa Bukoba, aliyelelewa vizuri, angefanya nini? Aliketi. Akatafuna. Mama akamuuliza habari za nyumbani, za wazazi, za mavuno ya Bukoba, akamsogezea tena kikapu. Kila alipofungua mdomo kutaja kifaa, mama alimuuliza mtu mwingine wa ukoo wake. Nje yalikuwa manyunyu tu, na ukuta ulikuwa na nafasi ya kuyameza. Yalipokatika, mama alisimama na kumshukuru kwa kututembelea.

Pampu ilikuja na mapipa, dizeli ikaondolewa. Bosi alihamishwa. Mkataba wangu haukuongezwa. Niliambiwa nina utovu wa nidhamu. Niliwauliza nidhamu kwa nani, na sijajibiwa mpaka leo. Sijutii hata chembe. Chemchemi inanuka matope na majani, kama ilivyonuka nilipokuwa mtoto, na mama anaichota kwa ajili ya rubisi yake, pombe yetu ya ndizi. Mikungu ya mwaka huo ilikuwa midogo. Alinipa ndizi zake na maharage yaliyojaa sahani.

Tangi bado lipo, na mtunza mafuta mpya analo. Mvua ikikatika, mama hupanda kilimani na jembe lake, akachovya kidole kwenye mdomo wa bomba na kukinusa. Akikuta linachuruzika, hupiga kelele mpaka mtu atoke.

Juzi walinipigia simu kutoka ofisini. Wanahesabu mali za kambi, wanataka mpini wao. Nikamwambia mama.

"Waambie waje wenyewe," alisema. "Akamwani ipo."