Kaimu Anatafutiwa Bosi

Ukaimu ni kiti cha kuazima, na mwanamke huyu, ambaye hospitali nzima ilimwita Dada Waya, alikuwa amekikalia miaka miwili na miezi minne. Kaimu mkuu wa kitengo cha mtandao. Mkuu wa zamani alipostaafu walimpa yeye funguo, wakampa simu inayolia hata akiwa bafuni, wakampa na lawama zote za majengo tisa. Cheo chenyewe wakabaki nacho. Kila barua aliyotia saini ilikuwa na hilo neno mbele, kaimu, limekaa pale kama kipele usoni.

Sababu? Eti hana shahada.

Kazi yenyewe aliijua kama jiko lake. Ofisi ya kitengo zamani ilikuwa stoo ya mashuka, mpaka leo inanukia sabuni ya kufulia, na humo ndani kulikuwa na kabati la chuma lenye nyaya mia tatu na ushee. Kila waya alikuwa ameuzungushia kipande cha plasta ya vidonda, akaandika kwa kalamu unakokwenda: wodi ya wazazi, maabara, dirisha la dawa. Mashine ya kuchapa lebo iliombwa miaka sita iliyopita na bado inasubiri saini ya mtu. Plasta aliomba kwa manesi. Daktari akipiga simu kwamba picha ya eksirei haifunguki, Dada Waya alijua ashike waya upi kabla mazungumzo hayajaisha.

Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, anavuta nyaya juu ya dari za watu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nafasi ya chuo kikuu aliipata, msidhani alifeli. Aliiacha kwa sababu kazi ilikuwa imeshamwingia damuni, na mama yake mzazi hajamsamehe mpaka leo. "Huyu wangu hakumaliza shule," mama huwaambia wageni, na huyo wake amekaa palepale anawamenyea machungwa. Badala ya chuo akasomea vyeti vya kitaaluma vya mtandao, vitatu, kimoja baada ya kingine. Wala msivifanyie mzaha. Kile kikubwa, mtihani wake unakukalisha mbele ya kompyuta saa mbili, unapewa mtandao uliobomolewa makusudi, unaambiwa utengeneze. Na kila baada ya miaka mitatu kinaisha muda wake, unaufanya mtihani upya. Dada Waya alikuwa ameurudia mara nne.

Hapo kwenye kuisha muda ndipo alipokwaruzana na afisa utumishi, mzee mmoja mwenye miwani ya kamba, anayetunza majalada ya watumishi wote.

"Mama, hiki cheti chako kinaisha muda?" afisa aliuliza siku ile alipomrudishia maombi yake ya cheo.

"Ndiyo, mzee. Mambo yanabadilika, kwa hiyo tunapimwa upya."

"Basi hicho si cheti, ni kibali. Shahada haiishi muda."

"Leseni za madaktari wako humu ndani si zinahuishwa? Nao hawana kitu?"

"Aa, hao ni madaktari."

Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha! Na afisa mwenyewe, kama mlikuwa hamjui, ana shahada ya misitu. Miaka thelathini iliyopita alisomea miti, leo anaajiri wauguzi, na hakuna aliyewahi kumuuliza mara ya mwisho alipanda mche lini. Si mtu mbaya, tuseme ukweli. Salamu zake za heshima, ukifiwa atakuja wa kwanza. Ila kumweleza jambo lisilokuwemo kwenye kitabu chake cha kanuni ni kumpigia mbuzi gitaa. Ukimbana sana anakujibu, "Utaratibu ni utaratibu, mama," na kufunga jalada.

Wakatangaza nafasi: mkuu wa kitengo cha mtandao, shahada ya kwanza ni lazima. Wakaja watu, wakashindwa vitendo wote. Wakatangaza tena. Na ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, kwa maana wiki moja baadaye afisa alibisha hodi stoo ya mashuka, karatasi mkononi.

"Mama, safari hii tunataka mtihani wa vitendo wa maana. Utunge wewe, usimamie wewe, usahihishe wewe."

Dada Waya aliweka chini koleo alilokuwa ameshika. "Kwa nini mimi?"

"Mtaalamu wa mtandao hapa ni nani mwingine?"

"Kwa hiyo nafaa kuwapima wote, ila kupimwa pamoja nao sifai."

"Utaratibu..."

"Usimalizie, mzee. Nakuomba sana."

Afisa akageuka akafunga mlango, kisha akashusha sauti. "Nisikilize. Atakayefikisha sitini kwa mia kwenye vitendo anachukua kazi. Mara ya kwanza hakufikisha mtu. Safari hii wameitwa wanne. Wakikosa na hao, kanuni inaniruhusu kuomba kaimu athibitishwe, hata kama hana shahada. Barua nimeshaandika, bado tarehe tu. Mimi nakutakia mema, mama."

Akaondoka. Dada Waya alibaki anatazama mlango, hajui acheke au avunje kitu. Miaka yote hiyo ya kubishana, kumbe njia ilikuwa ni watu wanne kushindwa, basi.

Nyumbani akamsimulia mumewe, fundi cherehani asiye na cheti hata kimoja. "Mteja hajawahi kuniuliza nimesoma wapi," mumewe akasema, sindano mdomoni. "Ananiuliza kiunoni kunabana kwa nini. Wewe watungie kitu kigumu, kiwatoe jasho, yaishe."

"Nikiwatungia kitu cha kichawi, kisichofumbulika, nitakuwa nimeshinda nini?"

"Utakuwa umeshinda cheo, mke wangu. Au hukitaki?"

Alikitaka! Alikitaka mpaka kikawa kinamuuma. Alitaka kutia saini bila lile neno. Alitaka kwenda kwa mama yake na barua, amkabidhi mkononi, ili mama naye anyamaze kidogo. Lakini alipokaa kutunga, mkono ulikataa hila. Akachukua tatizo la kweli, lililowahi kumpotezea nusu siku yeye mwenyewe: mtu alileta printa mpya na kuipa, bila kujua, anwani ileile ya kompyuta ya eksirei. Kwenye mtandao kila kifaa kina anwani yake kama nyumba mtaani. Nyumba mbili zikiwa na namba moja, barua inakwenda popote, leo hapa, kesho kule. Ndiyo maana picha zilikuwa zinafika dakika hii na kupotea dakika inayofuata. Akapanga kompyuta tatu, moja ikiwa ndiyo ya eksirei, printa na swichi ndogo ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha nyaya, kwenye chumba cha mafunzo, akawawekea kosa hilohilo. Kulipata, alama hamsini. Kulieleza, ishirini. Kufunga kwa mkono kichwa cha waya, kile cha plastiki kinachochomekwa, thelathini.

Siku ya usaili afisa alikaa pembeni na orodha yake, Dada Waya akasimama na saa.

Wa kwanza alivaa suti ya buluu na shahada ya daraja la juu. Alipoambiwa swichi iko chini ya meza, aliitazama sakafu, akayatazama magoti yake, akaamua kutopiga magoti. Akazima kila alichokifikia, akakiwasha tena, akaomba maji. Alama kumi na moja.

Wa pili alifunga macho na kuanza kuzitaja tabaka saba za mtandao kama zilivyo kitabuni, toka chini kwenda juu, kwa kughani kabisa. Alipofika juu akashuka nazo. Dakika thelathini alizopewa zikaisha hajagusa kitu.

"Mzee," Dada Waya akamnong'oneza afisa, "huyu mlimwita kwa sherehe?"

Wa tatu ndiye aliyemchoma. Alikuja na shahada, na juu yake vyeti vinne vya kitaaluma, vilevile kama vya Dada Waya, na kimoja zaidi. Lakini kijana alishika kebo kama ameshika nyoka. Alipobanwa kidogo akakiri, tena kwa tabasamu, kwamba maswali na majibu ya mitihani ile, hata ule wa mtandao uliobomolewa, yanapatikana, unayakariri wiki mbili, unakwenda kuyamwaga.

"Huyu si ana vyeti kama vyako?" afisa akauliza, na wala hakuuliza kwa ubaya.

Dada Waya aliivuta karatasi ya alama. Amekesha mara nne kwa ajili ya karatasi ile, na huyu mjinga ameipata kama anayekariri namba za simu. Alimwandikia alama kumi na tano kwa hasira, akarudia kuzihesabu, zikawa ni kumi na tano kweli.

Akabaki mmoja.

Akaingia binti mwembamba, viatu vimeliwa kisigino. Shahada anayo, hajaajiriwa popote, cheti cha kitaaluma hana hata cha dawa. Afisa aliutazama ukurasa wake mmoja, akamkonyeza Dada Waya kidogo. Maana yake ilieleweka: yamekwisha.

Binti hakugusa kitu. Alipiga magoti, akatazama, akaomba karatasi. Akachora vifaa vyote na nyaya zake. Akaiita kompyuta ya eksirei kwa anwani yake kutoka kwenye kompyuta nyingine: inaitika. Akangoja. Haiitiki. Akangoja tena. Inaitika. Akainuka, akauchomoa waya wa ile kompyuta ya eksirei kabisa, akauweka mezani, akarudi kuiita anwani yake.

Ikaitika.

Kisha akasema polepole, kama anaongea na meza, "Nimemtoa na bado anaitika. Basi yupo mwingine anayejibu kwa namba yake." Akafuatilia, akaifikia printa. Dakika kumi na tisa. Dada Waya ilimchukua nusu siku, na wakati huo alikuwa na vyeti viwili na uzoefu wa miaka saba.

Tena akaeleza. Akaeleza kwa nini ni picha zinazopotea kabla ya ujumbe mfupi, akaeleza kwa nini swichi nayo inachanganyikiwa, jambo ambalo Dada Waya alilijua kwa vidole miaka yote lakini hajawahi kulisikia likisemwa likanyooka hivyo. Alijikuta anatikisa kichwa kukubali. Akajikaripia. Wewe, unatikisa kichwa cha nini?

Kwenye kufunga kichwa cha waya binti aliharibu vibaya. Alizipanga rangi za nyuzi za ndani kombo, akabana, akavunja, akajikata kidole. Alama nne kwa thelathini. Jamani, si angeharibu na kule kwingine kidogo tu! Angekosea kumi na tano tu, angekwenda zake na viatu vyake, na kila mtu angelala kwa amani. Dada Waya alimchukia kwa dakika nzima, kikamilifu, huku anamtafutia pamba ya kidole.

Binti akatoka. Afisa akasogeza kiti.

"Vipi, amefika sitini?"

Dada Waya aliangalia karatasi. Hamsini, ishirini, nne.

"Mama," afisa akasema taratibu, "hapa chumbani anayejua alichokifanya yule binti ni wewe peke yako. Mimi nilisomea miti. Ukiniambia amebahatisha, nitaandika amebahatisha."

"Hakubahatisha."

"Nasema ukiniambia."

"Na mimi nakuambia hakubahatisha! Mzee, miaka miwili nakulilia kwamba mtu apimwe kwa anachokijua. Leo amekuja anayejua, unataka nimpime kwa nini? Kwa viatu?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Ulikuwa na miaka miwili ya kunisaidia." Aliigonga karatasi kwa kalamu. "Ungesema niende nikakae na hao wanne, nifanye mtihani kama wao, alioutunga mtu mwingine. Ningeufanya. Ningeshindwa, ningeshindwa kihalali. Hilo ndilo nililoliomba, wala sikuomba zaidi."

Afisa akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Kwa mara ya kwanza hakutaja utaratibu.

Dada Waya akaandika sabini na nne, kwa tarakimu na kwa maneno kama fomu inavyotaka, akatia saini, na mbele ya saini akaandika kaimu. Akamsogezea.

"Utamfundisha kazi?" afisa akauliza. "Hajui hata kufunga waya."

"Kufunga waya anajifunza kwa wiki moja. Ndiyo, nitamfundisha. Nani mwingine yupo?"

Akakusanya koleo na vipande vya waya, akatoka. Kwenye korido, kando ya benchi la wagonjwa wa macho, yule binti alikuwa bado amesimama, pamba kidoleni, bahasha kifuani. Alimwamkia kwa kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujaenda?"

"Nilitaka kuuliza, samahani." Binti akatazama huku na huku. "Wale wenzangu wanasema nisijisumbue kusubiri simu. Wanasema nafasi hii ina mwenyewe humu ndani, sisi tumeitwa kukamilisha hesabu tu. Ni kweli?"

Dada Waya alihamisha koleo toka mkono huu kwenda huu.

"Alikuwepo, mdogo wangu," akamwambia. "Nimemtoa mimi mwenyewe sasa hivi."