Neno la Siri la Mashavu

Miaka yote niliyomjua Mashavu, sikumsikia hata mara moja akimtaja mumewe kwa jina. Alimwita Baba Tasnim, na akikasirika, "huyu mtu". Hata tulipokuwa tukimzika huyo mumewe kule kijijini Mbuchi, watu wa msikitini walipouliza jina la marehemu ili watangaze, alinigeukia mimi, rafiki wa mumewe, nilitaje. Kwetu mke hamtaji mumewe. Anayetaka kucheka acheke.

Alipomaliza eda alihamia Kibiti, akawa anauza kamba wakavu kando ya barabara, karibu na kibaraza ninaposhonea nguo. Binti yake wa pekee, Tasnim, alikuwa Maskati akifanya kazi za ndani. Ilikuwa miaka kadhaa baada ya ile ruksa ya biashara huria, kila kitu kinaingia na kila mtu anatoka: mitumba, redio za kila namna, mawakala wa kazi za Uarabuni. Mudy naye akafungua kafe ya intaneti mlango wa pili kutoka kwangu, jenereta lake likinguruma hata siisikii cherehani yangu mwenyewe. Nililichukia lile jenereta tangu siku ya kwanza.

Mashavu alikuwa amesoma madarasa ya watu wazima, na kusoma kwake alikuonea fahari kweli. Mudy alipomfungulia barua pepe nilikuwepo, nimempelekea suruali niliyomkunjia pindo.

"Sasa mama, weka paswedi," alisema Mudy. "Yaani neno lako la siri. Chagua neno ambalo wewe hulitamki mbele za watu hata iweje. Na mimi usinambie."

Mashavu akacheka peke yake. Akatukodolea macho mpaka tukageuka tukatazama ukuta, kisha akabonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Kila Ijumaa watu wakitoka msikitini, aliniachia ungo wake wa kamba. "Shemeji, niangalizie," kisha huyoo, ndani. Tasnim alimtumia kila kitu humo: picha ya pasipoti ili mama amhifadhie, jina la mwajiri, mtaa, nyumba anayoishi. Mashavu naye alijibu kwa mtindo wake, akianza na salamu za kuku.

"Shemeji, mpaka kuku wanasalimia?" nilimtania.

"Wanamkumbuka. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafungulia."

Halafu ikaja simu. Iliingia kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na simu ya mkononi. Alikuwa Warda, binti wa kijiji cha Maparoni aliyefanya kazi jirani na Tasnim huko huko Maskati. Mashavu aliishika kwa mikono miwili, na sauti ya Warda ilikuwa kubwa, nikaisikia yote.

"Shikamoo Mama Tasnim. Tasnim kakupigia? Tangu aondoke na yule mtu uliyemwagiza, hapatikani."

"Mtu gani?"

"Si ulimwandikia? Kwamba umemtafutia kazi nzuri zaidi, atoke asiage, mtu atamsubiri nje na anazo habari zake zote. Nikamwambia ngoja kwanza, akanionyesha barua. Ilikuwa yako, mama. Mpaka salamu za kuku zilikuwamo."

Mashavu alinirudishia simu, akakimbilia kwa Mudy. Ungo ulipinduka, kamba wakamwagika barabarani, hakutazama nyuma. Nilimfuata.

Alibonyeza neno lake. Kompyuta ikakataa. Akarudia polepole. Ikakataa tena.

"Labda umekosea herufi," alisema Mudy. "Nitajie, nikuandikie mimi."

Kafe ilikuwa imejaa. Mashavu alinitazama. Nikajua kabla hajasema, nikatamani kuziba masikio.

"Bwanaheri," alisema.

Mudy aliandika. Ikakataa.

"Wameshalibadilisha, mama. Kuna mtu alilijua."

Kwenye kompyuta ya pembeni, Fatu, mke wa muuza mkaa, alijifunika mdomo kwa kanga. "Ee Mola wangu," alisema. "Na mimi nimeweka jina la mume wangu."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na haijashuka. Mwizi wa mbali asingewaza jambo kama hilo. Aliyeingia mle alilelewa na mwanamke wa huku, akamsikia mama yake maisha yote akilikwepa jina la baba yake, na anajua mwanamke wa kwetu akiambiwa afiche neno atafichia wapi. Kwa Mashavu jina lile lilikuwa limefungiwa kifuani. Kwetu sisi wengine lilikuwa jina la Bwanaheri tu, tulikuwa tukimwita kutoka ng'ambo ya mto.

Tulikwenda kituoni, tukatoa maelezo. Tulikwenda Dar es Salaam kwa wakala aliyempeleka, tukakuta ofisi yake imegeuka duka la viatu. Tasnim hajaonekana mpaka leo, na mimi simdanganyi mama yake kwamba ataonekana.

Mashavu bado anakuja kila Ijumaa. Hana aibu tena, jina la mumewe analitaja kwa sauti, watu wote wanasikia. Mudy ameshamweleza hata amechoka, lakini yeye hukaa mbele ya kompyuta ile ile na kumshika mkono.

"Jaribu tena, mwanangu. Bwanaheri. Iambie huyu ni mimi, mimi ndiye mamake."