Tochi Kabla ya Salamu

Siku hizi nimestaafu, niko kwangu Miyuji, na kila anayesikia kwamba niliwahi kusafiri na meli ya hospitali anataka nimsimulie bahari. Bahari gani? Mimi mtu wa Dodoma, maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni ya bwawa la ng'ombe. Nilitapika siku tatu mfululizo, basi. Ninachokikumbuka kwa hamu ni asubuhi tuliyoingia bandarini.

Wakati huo nilikuwa nesi wa macho, nimepanga chumba Makole. Niliomba likizo nikajitolee kwenye meli hiyo, iliyokuwa inakwenda bandari moja ya Afrika Magharibi. Mama yangu alikuwa kijijini, nje kidogo ya Mpwapwa, na alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miaka minne nilimbembeleza apasuliwe, naye anagoma. Wiki ya kuaga kwangu alikuwa ameshika chungu cha moto akaungua kiganja. Nikamfokea, Mungu anisamehe. Nikamwambia safari nyingine atatumbukia jikoni mzima mzima.

"Nenda kawatibu hao wanaokutaka," akanijibu. Nikaondoka nimenuna.

Meli ilipokaribia gati tulipanda wote juu kutazama. Jamani, ule umati! Foleni ilianzia ukutani mwa maghala mpaka getini, wazee wengi wameshikana mabega ili wasipotezane. Wenzangu wakawa wanapunga mikono. Mimi sikupunga, maana kila bibi niliyemtazama pale chini nilimwona mama.

Nikapangiwa kupokea wagonjwa chini ya ngazi ya meli. Unasoma kadi, unamulika jicho kwa tochi, unatia dawa, unampandisha mgonjwa, unaita mwingine. Siku ya pili akaja bibi mmoja mwembamba, akafika kwenye ngazi akagoma. Hapandi! Mkalimani wetu, dada wa mji ule ule, alimsihi mpaka jasho likamtoka. Foleni inanung'unika, na msimamizi wangu huko juu ananionyesha saa yake.

Nilikuwa nimeshainua tochi. Lakini bibi alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili, vile vile anavyoshika mama akikasirika. Nikaizima. Nikapiga goti, nikamsalimu kama tunavyosalimia wakubwa kwetu Ugogoni: "Mbukwa."

Kwetu salamu haiishii kwenye neno hilo. Unauliza ameamkaje, watoto, mvua, mifugo, jirani, na kila jibu unaliitikia. Nikauliza yote kwa Kiingereza, mkalimani anatafsiri huku ananishangaa. Bibi naye akajibu moja moja, mpaka habari za mbuzi wake aliyevunjika mguu. Alipomaliza akanyoosha mkono nimshike, tukapanda.

"Anasema toka jana watu wanamuuliza macho tu," mkalimani akaniambia. "Wewe ndiye wa kwanza kumuuliza habari za nyumbani."

Msimamizi alinisema sana kwa kuchelewesha foleni. Wala sikumsikia vizuri. Nilikuwa najiuliza, mimi kwa mama nafanyaje? Nikishuka kwenye bodaboda, begi bado begani, namvuta kope na tochi mkononi. Shikamoo yenyewe naitamka nikiwa nimeshamshika jicho. Miaka minne! Niliona aibu, nikaenda kujifungia chooni nikalia.

Niliporudi nyumbani, tochi niliiacha Makole makusudi. Nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka anamenya karanga kwa kupapasa. Nikapiga goti, nikamsalimu mpaka mwisho, sikuruka kitu. Tukala ugali wa uwele na mlenda. Tukazungumza mbuzi, mvua iliyokataa, na binti wa jirani aliyeolewa kwa vishindo kisha akarudi. Mara mbili neno la macho lilinifika mdomoni, nikajing'ata ulimi.

Jua lilipopoa akauliza, "Tochi yako imeharibika?"

"Nimeiacha mjini, mama."

Akamenya karanga nyingine kama tano.

"Siku zote hapa ananijia nesi," akasema. "Leo amekuja mwanangu. Haya, kesho nipeleke."

Nikampeleka. Siku ya kufunguliwa bandeji nilisimama mbele yake, nasubiri aseme kama anaona au haoni. Akanitazama usoni, akashuka na macho mpaka viatuni, akapanda tena.

"Mbukwa," akasema. Kisha akaanza kuniuliza: nimeamkaje, safari ya baharini, kazi, majirani zangu wa Makole. Aliuliza yote bila haraka, ananitazama tu, nami nikajibu yote huku machozi yananitoka. Mama hayupo sasa, na hakuna anayenisalimu hivyo tena.