Macho ya Malaika Mkuu

Mama alikuwa msafishaji wa kanisa, na mimi bintiye nasema wazi: kwa usafi alikuwa na wazimu. Hata ile picha ya kale ya malaika mkuu, iliyochorwa kwenye ubao kabla babu zetu hawajazaliwa, aliifuta kila Jumamosi kwa kitambaa cha maji na sabuni. Miaka kumi na miwili! Jumamosi moja kitambaa kikaondoka na macho ya malaika.

Mwingine angemkimbilia padri. Mama yangu? Alitoa wanja kwenye pochi, akamchorea malaika macho mapya. Waumini wakaendelea kupiga magoti, padri akaendelea kufukiza ubani, na hakuna aliyeshtuka.

Mimi nilishtuka, kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa limelegea kidogo. Lilikuwa la kaka yangu, aliyetutoka kwa homa akiwa na miaka tisa. Picha zake zote ziliteketea nyumba yetu ilipoungua. Tangu hapo Mama hakuugusa tena ule ubao. Kila Jumamosi alisimama mbele yake tu, akiangalia.

Basi padri akatangaza kwamba Alhamisi anakuja fundi wa kusafisha picha za kale. Weee! Wiki ile nyumba haikukalika. Mama aliunguza sufuria mbili, akatia chumvi kwenye chai, na mimi nikainywa hivyo hivyo.

"Mama, si ukaseme tu?" nikamwambia Jumatano.

"Nikaseme nini?"

"Unaogopa kufukuzwa kazi?"

"Kazi kitu gani! Watamfuta."

Usiku huo hatukulala, si yeye wala mimi.

Asubuhi tukamkuta fundi kanisani na padri: mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Alizungushia pamba kwenye kijiti, akakitia mdomoni.

"Tunaanza na mate," akatueleza. "Hayachubui rangi."

Akagusa jicho la kulia. Pamba ikatoka nyeusi tii. Akainusa.

"Padri, huu ni wanja."

Padri akageuka kututazama. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, mjinga mimi, lakini Mama alishanitangulia.

"Ni mimi, Baba. Mwanangu sina picha yake."

Padri akausogelea ubao. Akamuuliza fundi kama chini yake kuna chochote.

"Ubao mtupu," fundi akasema. "Ila wanja hauwezi kubaki."

"Basi utoe," padri akasema kwa sauti ndogo. "Pole, Mama."

Fundi akaandaa kijiti kingine. Mama akamnyang'anya.

"Hapana. Huyu nitamfuta mwenyewe."

Akakilowesha kwa mate yake, akaushika ubao kwa chini, pale penye kidevu, vilevile alivyokuwa akimshika kaka mlangoni asubuhi za shule kumfuta tongotongo. Akaanza na pembe ya jicho la kushoto, polepole.

"Tulia," akamwambia. "Tulia, tunamaliza."